Uso wa mwindaji wa upinde: ninavyouficha bila kuharibu shabaha

Kila msimu wa upinde ukikaribia, ubishi ni uleule: uso ufichwe au uachwe? Wanaosema uachwe wana hoja. Saxton Pope na Arthur Young, waliouhuisha uwindaji wa upinde Marekani mwanzoni mwa karne iliyopita na ambao mwaka 1925 walifika hadi Tanganyika kuwinda simba kwa mishale, wanaonekana kwenye picha zao wamevaa nguo za kawaida, uso wazi. Mimi naufunika, lakini namna ya kuufunika inategemea nimekaa wapi na namwinda nani, na sivai kitu chochote usoni ambacho upote, yaani uzi wa upinde, utakigusa. Haya yanahusu jimbo la Pennsylvania, Marekani, ambako Oktoba na Novemba nawinda kulungu mkia-mweupe, na mwezi Mei bata mzinga wa porini.

Tuanze na macho ya kulungu. Ana aina mbili za seli za kupambanua rangi, sisi tunazo tatu. Buluu anaiona vizuri sana, kijani na manjano kiasi, lakini nyekundu na rangi ya chungwa kwake hufifia zikawa kama udongo. Vitu vidogo vidogo, kama majani yaliyochorwa kwa ustadi kwenye koti la bei kubwa, havipambanui kama sisi tunavyovipambanua. Anachokikamata mara moja ni mwendo na mng'ao. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote bila kugeuza shingo, na mapambazuko au magharibi anaona vizuri kuliko wewe. Uso wa mwindaji una makosa yote mawili: unang'aa, na unageuka kila anaposikia jani likivunjika.

Sisi wenye ngozi nyeusi hudhani suala hili ni la Wazungu. Kweli, uso mweupe huonekana mbali zaidi kwenye kivuli cha msitu. Ila hata vitabu vya mafunzo vya jeshi la Marekani vinasema wazi kwamba ngozi nyeusi nayo hung'aa, kwa sababu ya mafuta yake ya asili. Paji la uso, ncha ya pua, mifupa ya mashavu na kidevu hurudisha mwanga wa anga, hasa ukiwa juu ya mti na mnyama akikutazama kutokea chini. Sasa ongeza na desturi yetu: nani kati yetu hutoka nje asubuhi ya baridi bila kujipaka mafuta? Mafuta ya mgando au ya nazi yakishapakwa, paji linakuwa kioo. Na harufu yake kulungu ataipata kabla hujamwona. Mimi hupaka mafuta yasiyo na manukato usiku, kiasi kidogo, na alfajiri nafuta uso kwa kitambaa kikavu kabla ya kuvaa chochote. Midomo napaka mafuta yasiyo na harufu, basi.

Barakoa ndiyo njia rahisi zaidi, na ndiyo inayoharibu mishale mingi. Ukiuvuta upinde hadi mwisho, upote hugusa ncha ya pua na pembe ya mdomo, na mkono unaovuta unatua mahali palepale kwenye taya. Hapo ndipo pa kukita, na usahihi wote unategemea mahali hapo pasibadilike. Kitambaa cha milimita 3 kikiingia kati ya mkono na taya, jicho nalo limehama milimita 3 kutoka kwenye mshale. Kwa upinde wa kienyeji usio na vifaa vya kulengea, mshale wa sentimita 70 hivi, kosa hilo kwa mita 20 ni karibu sentimita 8. Eneo la moyo na mapafu ya kulungu lina upana wa sentimita 20 hadi 25, kwa hiyo umeshapoteza sehemu kubwa ya nafasi yako kabla hujatetemeka hata kidogo.

Kwa upinde wa kompaundi, ule wenye kapi kwenye ncha zake, tatizo huja kwa sura nyingine. Kuna kitundu kwenye upote ambacho unachungulia, na ukikita vibaya utaona kwamba kitundu na pini ya kulengea havikai katikati. Wengi hapo hukunja shingo ili wavipate. Shavu linausukuma upote pembeni, na mshale unakwenda kushoto au kulia bila mlengaji kuelewa sababu. Ubaya mwingine ni kitambaa kilicholegea: upote ukiachiliwa unakinasa, mshale unapinda, na kishindo kinamshtua mnyama.

Nilivyotatua: nachukua barakoa nyembamba ya wavu inayobana kichwa, yenye uwazi mmoja mpana wa macho. Naivaa, navuta upinde nyumbani mbele ya kioo, mshale ukiwa umeelekezwa kwenye kizuizi salama, na mtu mwingine anachora kwa chaki pale upote na mkono vinapogusa. Mimi navuta kwa mkono wa kulia, kwa hiyo alama inatokea upande wa kulia, kuanzia pembe ya mdomo kuelekea chini ya sikio. Kipande hicho nakikata, urefu wa sentimita 6 na upana wa 4 hivi, kisha nakunja ukingo na kuushona ili usitoe nyuzi. Ncha ya pua inabaki nje. Masikio pia nayaachia matundu, maana kitambaa kikiyafunika nusu ya habari za msitu zinapotea. Sehemu iliyokatwa, pamoja na pua, naimalizia kwa rangi.

Barakoa yenye wavu mbele ya macho siitaki hata kwa bure. Pennsylvania saa za kuwinda kulungu huanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza na kuishia nusu saa baada ya kuzama, na kulungu wengi hutembea kwenye dakika hizohizo. Mwanga ni mchache, kitundu cha upote kinaupunguza tena, na wavu ukiongezwa pini haionekani kabisa. Tatizo la pili la macho ni kuhama kwa barakoa: upote unapokandamiza shavu, kitambaa kinapanda na kuziba jicho la kulengea. Jaribio lake ni hili. Fumba macho, vuta, kita, kisha fumbua. Ukiiona pini katikati ya kitundu bila kusogeza kichwa, barakoa imekubali. Baada ya hapo piga mishale mitano kwa mita 20, umevaa koti, glavu na kofia utakazovaa porini, kwa vigumba vya kuwindia. Vigumba hivyo hukuza kosa dogo ambalo vichwa vya mazoezi hulificha.

Kofia yenye ukingo mrefu nayo hugonga upote. Igeuze nyuma au vaa ya sufu isiyo na ukingo. Wenye miwani wana mtihani wao: pumzi inayopitia juu ya barakoa hujaza ukungu kwenye vioo wakati mbaya kuliko yote. Barakoa ishuke chini ya pua, pumzi itoke mbele.

Rangi ya uso haina unene wa kuusogeza upote, haihami, haizibi masikio, na kwa shabaha ndiyo ninayoiamini kuliko barakoa. Adha yake ni kupaka na kutoa. Kiasi cha punje ya kunde kinatosha kila sehemu. Ukipaka nene inapasuka unapotafuna au kutabasamu, na ile ya mafuta ikiwa nene hung'aa yenyewe, ukawa umefanya kazi bure. Penye mwinuko pakae rangi nyeusi au kahawia iliyokolea: paji, pua, mashavu, kidevu, masikio. Penye bonde, yaani chini ya macho, chini ya pua na chini ya mdomo, weka rangi hafifu zaidi, kijani au ya udongo. Utaratibu huu ni uleule kwa ngozi yoyote, kwa sababu unachovunja ni umbo la uso. Usisahau shingo na nyuma ya masikio. Kwenye baridi vijiti vya rangi huwa vigumu kama nta; viweke kwapani dakika chache. Asiye na rangi achome kizibo cha chupa cha gome la mti, akiache kipoe, ajipake masizi yake. Hakina mng'ao hata kidogo. Kuitoa rangi ya mafuta, paka mafuta ya kula kidogo, subiri dakika moja, futa kwa kitambaa, ndipo unawe kwa sabuni. Ukianza na maji utaisambaza tu.

Mikono. Watu wanajadili uso saa nzima kisha wanapandisha mkono mtupu mbele ya kulungu. Mkono husogea zaidi kuliko uso. Glavu nyembamba zinatosha, na kidole cha kifyatulio, kile kifaa cha kuachilia upote, kinaweza kubaki wazi.

Mahali ulipokaa pana uzito kuliko vyote hivi. Juu ya ulingo wa mtini, mita 5 au 6 kutoka chini, ukiwa umejifunga mkanda wa mwili mzima, jambo la kwanza ni kuwa na matawi au shina pana nyuma yako, ili kichwa kisichoreke kwenye anga. La pili ni jua: ulingo wa asubuhi nautazamisha magharibi, uso wangu ukae kivulini. Nikipata vyote viwili, rangi kwenye paji na pua inatosha. Ndani ya kibanda cha kitambaa kilichowekwa chini mambo ni tofauti kabisa. Ndani mna giza, kwa hiyo nguo zenye michoro ya majani zinaonekana kama doa jeupe. Vaa nyeusi, barakoa nyeusi, fungua madirisha ya mbele tu, keti karibu na ukuta wa nyuma. Ukiwa ardhini bila kibanda, umeegemea mti, funika kila kitu, maana uso wako uko usawa wa macho yake.

Bata mzinga hana msamaha. Huyu anaona rangi zote, nyekundu ikiwemo, na uwazi wa sentimita 2 shingoni mwako unatosha kumtoa mbio. Ila usipake wala kuvaa nyekundu, nyeupe au buluu: ndizo rangi za kichwa cha dume, na mwindaji mwingine anaweza kukulenga wewe.

Sabuni ya kufulia barakoa isiwe ile ya kung'arisha nguo. Dawa zake hurudisha mwanga wa buluu ambao kulungu huuona vizuri mno. Pima kwa taa ya kukagulia noti bandia: kitambaa kikiwaka buluu gizani, hakifai kwenda nacho porini.

Na ukienda likizo nyumbani, nguo za mabaka ziache Marekani. Tanzania na Uganda raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala zinazofanana nazo, na askari hatasubiri umweleze habari za kulungu.