Chenga

Jumapili kashata zimenigomea tena. Nazi imekunwa vizuri, iliki ipo, lakini shira imegeuka chenga kabla sijaimwaga kwenye sinia. Nimesimama nikiikodolea sufuria, simu ikalia. Mpwa wangu, yule wa uhandisi kemikali, katuma picha ya fomu ya kuchagua fani: "Shikamoo mjomba. Mwisho Ijumaa. Nichukue gesi, mazingira, vyakula au udhibiti wa mitambo?"

Mwaka wetu kila mtu alitaka gesi. Bomba la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilikuwa limekamilika 2015, kiwanda cha kusindika gesi kule Lindi kilitajwa kila siku (bado kinatajwa), nami fomu nilishaijaza kwa penseli. Zilibaki wiki nane za mafunzo kwa vitendo, nikapangiwa kiwanda cha sukari. Wiki saba za mwanzo hazina hadithi: nilipima pH, yaani kipimo cha asidi, ya juisi ya miwa iliyotiwa chokaa, isishuke chini ya 7 kwa kuwa asidi huivunja sukari. Jikoni tunakamulia limau kwenye shira kwa sababu hiyohiyo, ili isigande. Kiwandani huo ni wizi.

Wiki ya nane nikapelekwa zamu ya usiku, kwa mzee mpika sukari.

Sukari haipikwi kwa nyuzi 100, ingeungua. Ndani ya pani, yaani sufuria kubwa iliyofungwa, hewa hunyonywa, shira ikachemka kwa nyuzi 68 hivi. Ikikolea hutiwa mbegu, yaani sukari iliyosagwa laini ikachanganywa na spiriti. Baada ya hapo kazi ni kuzilisha mbegu hizo shira zikue, zisizaliwe nyingine. Gramu 100 za maji huyeyusha gramu 320 hivi za sukari kwenye nyuzi 70, lakini 287 tu kwenye nyuzi 60. Shira ikizidi kipimo chake kwa asilimia 10 au 15, fuwele zilizomo, yaani punje za sukari, hukua. Ikivuka 20 hivi, mpya huibuka zenyewe, ndogo kama vumbi.

Alfajiri mzee akaenda kuswali. "Injinia, maji ya kondensa ongeza robo mzunguko, basi."

Nikaona robo haitoshi. Nikazungusha nusu na ziada. Maji hayo ndiyo hupoza mvuke wa pani, na usiku ni baridi; mvuke ukageuka maji upesi, hewa ndani ya pani ikazidi kupungua na joto likaporomoka nalo: 66, 64, 62. Nikafurahi. Nilidhani mtambo umetulia.

Mzee aliporudi hakutazama geji. Alichomoa kijiti cha sampuli, akapaka ule uji mweusi kwenye kipande cha kioo kwa kidole gumba, akakiinua mbele ya taa. Akaninyooshea. Fuwele za nusu milimita zilikuwa zinameta, pembe zake kali, na katikati yake kulikuwa na ukungu.

"Umeona chenga?"

Hakufoka. Alinieleza kwamba zikifika kwenye mashine inayozungusha sukari kutenga molasi, zitaziba wavu na sukari itabaki nyekundu, na zitakazopenya zitaondoka na molasi. Akarudisha valvu, akatia maji ya moto kidogo kidogo, akaacha joto lipande. Kila dakika chache kioo, taa, kioo, taa. Saa nzima ya mvuke ilikwenda hivyo, na fuwele nzuri nazo zikaliwa kidogo, maana huwezi kuosha chenga peke yake.

Niliporudi chuo nilifuta gesi, nikaandika udhibiti wa mitambo. Niliwaambia wenzangu naifuata sayansi. Huenda nilikuwa nafuata ile geji niliyoifurahia, au nakimbia kile kioo.

Na leo niko mtambo wa maji, fani ambayo hata kwenye fomu haikuwepo. Asubuhi napanga bika sita, vile vikombe vya maabara, za maji yenye vipimo tofauti vya shabu, nakoroga kwa kasi dakika moja, polepole dakika 20, naacha zitulie nusu saa, kisha nainama na kuchungulia kwenye mwanga. Geji ninazo pia.

Mpwa wangu nilimwandikia ujumbe mrefu, nikaufuta. Nikamuuliza tu kapangiwa wapi mafunzo, akajibu kiwanda cha bia.

Kisha nikatia vijiko vitatu vya maji kwenye kashata, nikazirudisha motoni.