Nilivyounganisha kisoma kadi na kompyuta ya Linux

Nilitaka ufunguo wa siri ninaosainia barua pepe na nyaraka ukae ndani ya kadi ya chipu badala ya diski ya kompyuta, kwa kuwa kadi ya aina hiyo hutia saini ndani yake yenyewe na haiutoi ufunguo nje hata kompyuta ikiingiliwa. Nilinunua kadi ya OpenPGP, yaani kadi inayofuata kiwango cha OpenPGP cha kusaini na kuficha ujumbe, pamoja na kisoma kadi cha USB. Nilipokichomeka taa iliwaka, lakini GnuPG toleo la 2.4, programu ninayosainia, ilijibu kwamba hakuna kifaa chochote. Kwa kuwa mawasiliano haya hupita hatua kadhaa, niliamua kuikagua kila hatua peke yake kuanzia chini.

Hatua ya USB haikunichelewesha: amri ya lsusb, inayoorodhesha vifaa vya USB, ilikionyesha kisoma kadi mara moja. Visoma kadi vingi vya leo hufuata kanuni iitwayo CCID, na ndiyo maana draiva moja (programu inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na kifaa) huweza kuhudumia vifaa vya watengenezaji mbalimbali. Juu ya draiva hiyo hukaa pcscd, huduma inayofanya kazi chinichini na kupokea maombi ya programu zote zinazotaka kuifikia kadi kwa utaratibu wa PC/SC, ambao ni kiwango cha pamoja cha programu kuzungumza na visoma kadi. Windows nayo ina huduma yake ya kazi hiyo hiyo.

Kisha nikafungua pcsc_scan, programu inayoonyesha visoma kadi na kadi zilizomo, na kuingiza kadi, na hapa ndipo nilipoelewa mengi. Kadi haina betri. Kisoma kadi ndicho kinachoipa umeme na mapigo ya saa kupitia vile vibati vya dhahabu, kisha huiamsha, nayo hujitambulisha kwa mfululizo wa baiti usiozidi 33 uitwao ATR. Ya kwangu ilianza na 3B, alama ya namna inavyopanga biti zake, na baiti zilizofuata zilieleza kasi inayoimudu na kama inatumia itifaki (kanuni ya kupashana data) ya T=0 au T=1. ATR ikisomeka, basi umeme, vibati na draiva vyote viko sawa, na hakuna haja ya kwenda kununua kadi nyingine.

Nilipanda hatua moja zaidi kwa kutumia opensc-tool, programu ya kuituma kadi amri moja moja, nikaituma amri hii kwa kadi: 00 A4 04 00 06 D2 76 00 01 24 01. Baiti nne za mwanzo huagiza programu fulani ichaguliwe ndani ya kadi, 06 ni urefu wa jina lake, na sita za mwisho ndizo jina lenyewe, yaani OpenPGP. Jibu liliishia na 90 00, maana yake amri imetekelezwa bila kasoro. Ingekuwa 6A 82, ningejua kwamba programu hiyo haimo kwenye kadi.

Tatizo basi lilikuwa juu kabisa. GnuPG hutumia msaidizi wake aitwaye scdaemon, ambaye ana draiva yake ya CCID na hujaribu kukishika kisoma kadi moja kwa moja kupitia USB, wakati pcscd imekwisha kukishika. Niliandika mstari mmoja tu, disable-ccid, unaoizima draiva hiyo ya scdaemon ili apitie pcscd, katika faili la scdaemon.conf ndani ya folda ya .gnupg, nikamsimamisha msaidizi huyo kwa gpgconf --kill scdaemon ili akianza upya ausome mpangilio huo, kisha gpg --card-status ikaonyesha taarifa zote za kadi. Barua niliyoandika baada ya hapo iliniomba namba ya siri na ikasainiwa.

Hata akipitia pcscd, scdaemon huishikilia kadi peke yake, hivyo nikitaka kurudi kwenye opensc-tool humsimamisha kwanza. Upo mpangilio wa pcsc-shared unaoruhusu programu nyingine kuitumia kadi kwa wakati mmoja, lakini sijauwasha, kwa sababu programu hiyo nyingine ingeweza kuikuta kadi ikiwa imekwisha kufunguliwa kwa namba yangu ya siri.