Majina Mia Tano na Tepu ya Mita Thelathini

Alama yangu kwenye karatasi ya kura ilikuwa tepu ya kupimia. Mgombea huru hana rangi ya chama wala jogoo la kuazima. Hujichagulia alama, akaipeleka kwa IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, angalau siku 21 kabla ya uteuzi, nayo isifanane na ya chama chochote. Kuchagua hakukunisumbua. Pale mtaani Nakuru nilikuwa nimeshajulikana kama yule wa tepu.

Jina hilo lilitokana na mtaro mmoja wa maji ya mvua. Tuliandika barua kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, tukataja mradi, mwaka wa fedha, na karatasi tunayoitaka: bikyu, ile orodha ya vipimo na bei anayolipiwa kontrakta. Ukiomba "habari zote za mradi" utapewa kijitabu chenye picha. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na si lazima useme unaitakia nini. Bikyu ilisema mita 400, zege la unene wa sentimita 15 chini. Kupima ni kazi ya watu wawili: mmoja anashika sifuri, mwingine anavuta, chaki inapigwa kila mita 30. Tepu ilale sakafuni. Ikilegea katikati inasoma urefu usiokuwepo, na hapo unamsaidia kontrakta bila kujua. Tulipata mita 331. Pale ukingo ulipokwisha kumeguka, zege lilikuwa sentimita 9.

Basi watu wakasema gombea uwakilishi wadi, nami nikakubali upesi kuliko ilivyofaa.

Katiba inamtaka mgombea huru wa wadi aungwe mkono na wapiga kura 500 waliosajiliwa katika wadi hiyo hiyo, na mwenyewe asiwe mwanachama wa chama kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Kwa kura ya tarehe 9 Agosti 2022, ina maana uwe umetoka chamani kufikia tarehe 9 Mei. Hilo nililijua. Nilichokipuuza ni kwamba hata hao wanaokuunga mkono hawatakiwi kuwa wanachama wa chama.

Tulinunua kaunta buku nne, tukachora safu: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari yake, kituo cha kupigia kura, simu, sahihi. Kwa siku tisa tukakusanya majina 740. Nikalala usingizi mzuri.

Asubuhi yake tukaanza kuhakiki, na daftari likaanza kuvuja. Kwanza wapiga kura: unatuma kwa ujumbe wa simu nambari ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa kwa 70000, unajibiwa mtu kasajiliwa wapi. Watu 118 walikuwa wamesajiliwa kwingine. Nakuru ni mji wa wageni. Mtu anaishi hapa miaka ishirini, kura yake iko Molo au Kisii. Majina 31 yalijirudia, mengi ni ya waliotia sahihi stejini asubuhi na sokoni jioni. Kisha vyama. Tangu 2021 Mkenya anaweza kuangalia kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kama ameandikishwa chamani, na wengi walijikuta humo bila kuombwa ruhusa. Lakini kila mtu lazima aingie kwa akaunti yake mwenyewe, huwezi kumwangalilia. Wengine walikuwa wamesahau nywila, tukawapeleka saiba, duka la intaneti. Watu 163 walikuwa na chama, baadhi wakiapa hawajawahi hata kukisikia.

Zikabaki 428.

Kujiondoa chamani kunawezekana, ila sikutaka kutegemea rekodi itakayobadilika dakika ya mwisho. Nikaamua tutafute majina mapya, na safari hii simu kwanza, kalamu baadaye: anayetaka kutia sahihi afungue eCitizen mbele yetu, kisha atume ujumbe kwa 70000. Kasi ilishuka vibaya. Saa nzima stejini ya bodaboda ilitupa majina kumi na moja.

"Mheshimiwa," mmoja wao akasema, akirudisha kalamu, "kumbe hata wewe mita zako hazifiki?"

Wenzake wakacheka mpaka abiria akasahauliwa. Sikuwa na jibu, kwa hiyo nikamwonyesha ukurasa wenye hesabu: 740, toa 118, toa 31, toa 163. Akausoma wote, akachukua kalamu tena.

Tulifika 524. Wenye mwandiko mzuri wakanakili orodha upya, maana 1 na 7 zilikuwa zikifanana na nambari moja ikikosewa mtu mzima anapotea. Siku ya kuwasilisha nilibeba orodha, picha, kitambulisho na ada ya shilingi 5,000. Vijana, wanawake na watu wenye ulemavu hulipa nusu. Afisa alipitisha rula mstari kwa mstari bila kuinua macho. Kwenye ukurasa wa kumi na mbili akasimama: jina lipo, nambari ipo, sahihi hakuna. Akalikata kwa wino mwekundu, akaandika 523 pembeni, akafungua ukurasa wa kumi na tatu.