Hesabu ya mikono ya Arlington

Mwanzoni besiboli niliiona kama kriketi iliyochanganyikiwa. Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa zamu yetu ya usiku ghalani, hapa Arlington, Texas. Timu yake, Texas Rangers, ilitwaa ubingwa wa kwanza katika historia yake Novemba 2023, ikiichapa Arizona Diamondbacks mechi 4 kwa 1. Mimi mtoto wa Kariakoo nikamwambia, sasa tusubiri dirisha la usajili, twende uwanja wa ndege tukapokee mashine mpya. Akacheka, akachana kipande cha boksi, akaanza kuandika majina ya warushaji, wale wanaomrushia mpira mpigaji.

Ligi yao ina mechi 162, karibu kila siku, na mrushaji anayeanza mechi lazima aupumzishe mkono siku nne au tano. Kwa hiyo unahitaji watano wazima, na wengine nyuma yao. Mzee akaanza kukata. Jacob deGrom, mkataba wa dola milioni 185 kwa miaka 5: 2023 alianza mechi 6 tu, kisha kiwiko kikapasuliwa. Max Scherzer: kapasuliwa mgongo Desemba. Tyler Mahle: kasajiliwa Desemba hiyohiyo, naye bado anauguza kiwiko.

Mrushaji mwingine, Jordan Montgomery, aliyewabeba kwenye mtoano, alikuwa mzima na hana timu. Hawakumrudisha. Mwishoni mwa Machi akasaini kwa nani? Arizona! Nililaani kama vile ni Yanga wamemchukua mtu wetu.

Msimu wa 2024 Montgomery akaboronga huko Arizona vibaya sana, kwa hiyo siwezi kusema viongozi walimkosea yule mtu. Walichokosea ni kuliacha pengo lake wakitegemea wagonjwa. Scherzer alirudi Juni, Mahle Agosti, deGrom Septemba, timu imeshapotea njia. Kusema kweli hata wapigaji waliangusha: Josh Jung alivunjika kifundo cha mkono msimu ukiwa ndiyo kwanza umeanza. Wakamaliza na ushindi 78, vipigo 84, mtoano wakautazama kwenye televisheni.

Siku hizi binamu yangu wa Temeke akinitumia orodha ya usajili wa Simba, namuuliza kwanza nani kati yao anaumwa goti. Anasema Marekani imeniharibu.