Mapokezi yetu na jiwe nyuma ya plaiwudi

“Watu watasema tumefilisika.”

Hilo ndilo jibu alilonipa Mama siku ya kwanza nilipoomba ruhusa ya kuyatoa masofa ili mapokezi ya hoteli yawe ya mtindo wa Skandinavia, ule wa nchi za kaskazini mwa Ulaya.

Hoteli ninayoisimamia ina vyumba 22, ipo Kirumba, jijini Mwanza, upande unaotazama Ziwa Victoria. Mama, mwenye hoteli, aliijenga kwa fedha za dagaa, na mapokezi aliyapamba mwenyewe kama sebule ya mtu aliyefanikiwa. Masofa ya mahameli ya rangi ya damu ya mzee, vitambaa vya kufuma kila mgongo wa kiti, maua ya plastiki, dari la jipsamu la ngazi tatu lenye taa za bluu na zambarau, mapazia mazito mpaka sakafuni. Kila kitu kilinunuliwa kwa bei ya juu na kilitunzwa. Ila hakuna mgeni aliyekaa pale. Walichukua ufunguo wakapanda juu. Aliyesubiri gari alisubiri nje, amesimama, mkoba begani.

Mtindo huo niliukuta kwenye picha ya hoteli ya SAS Royal ya Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, iliyofunguliwa mwaka 1960. Msanifu majengo Arne Jacobsen aliichora hoteli ile kuanzia jengo lenyewe hadi vijiko, na kwa ajili yake akabuni viti viwili vilivyokuja kujulikana dunia nzima, kimoja wanakiita Yai na kingine Batamaji. Mimi macho yangu yalikwenda sakafuni. Mtu angeweza kupita pale na begi la magurudumu bila kugonga meza hata moja. Kwetu ilibidi mgeni apite kiubavu.

Nikampelekea Mama picha kwenye simu. Akaitazama, akavua miwani, akaitazama tena. “Mwanangu, mbona kama zahanati?” Ilinichukua miezi miwili kumshawishi. Hatimaye alinipa shilingi milioni 8 na sharti moja: masofa hayauzwi, yanakwenda nyumbani kwake.

Kosa langu la kwanza lilikuwa rangi. Picha zote nilizotazama zilikuwa na kuta nyeupe, basi nikapaka kuta zote nne nyeupe pee. Fundi alimaliza saa mbili usiku, tukaacha milango wazi na taa zote zikiwaka ili rangi ikauke. Anayeishi kando ya ziwa hili ameshajua kilichofuata. Wale wadudu wadogo wanaopanda juu ya maji kama moshi waliingia usiku uleule, na asubuhi ukuta ulikuwa kama wali ulionyunyiziwa pilipili manga. Tulikwangua siku mbili.

Tukapaka upya, safari hii asubuhi. Likaja la pili. Mji wetu uko mashariki mwa Ghuba ya Mwanza, kwa hiyo jua la jioni linazama upande wa maji. Tangu saa tisa alasiri mwanga unagonga ziwa, unaingia madirishani na kutua kwenye ukuta wa ndani. Ukuta mweupe ulilirudisha jua lote usoni mwa dada wa mapokezi. Siku ya tatu nikamkuta anaandikisha wageni amevaa miwani ya jua.

Hapo ndipo nilipojiuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza kabla ya kununua ndoo ya kwanza: wenzetu walipaka nyeupe kwa nini? Copenhagen mwezi Desemba mchana hudumu kama saa saba tu. Ukuta mweupe kule unaokoteza mwanga kidogo uliopo na kuusambaza. Sisi tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, mchana wetu hudumu kama saa 12 mwaka mzima, na juu yake kuna mwanga unaorudishwa na ziwa. Nyeupe nikaiacha kwenye kuta mbili za ndani, karibu na ngazi, ambako giza ni la kweli. Ukuta unaotazamana na madirisha ulihitaji rangi nyingine, na rangi ile ilikuwepo tayari, nyuma ya plaiwudi.

Kirumba, kama sehemu kubwa ya Mwanza, imejengwa juu na katikati ya majabali. Wajenzi wa hoteli yetu walikuta jiwe ambalo lingegharimu sana kulipasua, wakalifanya sehemu ya ukuta, kisha wakalificha kwa plaiwudi iliyobandikwa karatasi ya maua. Fundi alipoing’oa plaiwudi ili kuona kama kuna mchwa, likatokea jabali refu kuliko mtu, la kijivu, lenye chembechembe zinazometa. Nilimsimamisha. Helsinki, mji mkuu wa Ufini, wana kanisa la Temppeliaukio lililochongwa ndani ya mwamba na kufunguliwa mwaka 1969, na kuta zake za ndani ni mwamba mtupu. Watu wanatoka mbali kwenda kuliona. Sisi la kwetu tulikuwa tumelivika karatasi. Tulilisugua kwa brashi na maji, na ukuta uliobaki pembeni yake nikaupaka kijivu kilekile. Dada wa mapokezi akaivua miwani.

Mbao ndizo zilizozua ubishi mrefu zaidi. Kule wanatumia miti ya kwao yenye rangi nyepesi, na kwetu ya karibu na hiyo ni paina. Fundi seremala aligoma kabisa. “Bosi, paina ni ya kupaulia na ya majeneza. Kiti cha mapokezi ni mninga.” Sikumlaumu, kwa sababu paina aliyozoea inauzwa mbichi. Benchi la kwanza alilitengeneza kwa mbao kama hizo, na baada ya wiki tatu likapinda kama mtumbwi. Zilizofuata tulizipanga kivulini na vijiti katikati zipitishe hewa, tukasubiri zaidi ya miezi miwili. Tulichagua zenye vifundo vichache, maana kifundo hutoa utomvu, na utomvu hauna huruma na sketi ya mtu.

Wadenmark wana desturi ya kuosha mbao zisizopakwa kwa sabuni nyeupe iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto, ili zisigeuke njano. Nilijaribu kwa sabuni ya kipande isiyo na rangi wala manukato, nikaikuna kwa kikunia cha karoti. Kwenye viti imekubali vizuri, na tunarudia kila baada ya miezi michache. Kwenye meza ilishindwa na chupa za soda zenye baridi. Kila chupa iliacha duara. Meza zikapata vanishi isiyong’aa, yakaisha.

Vikalio je? Kiti maarufu cha mwaka 1949 cha Hans Wegner, mbunifu wa Denmark, husukwa kwa mkono kwa kamba ya karatasi iliyosokotwa, kama mita 120 kwa kiti kimoja. Kamba hiyo hapa sikuipata, nikanunua ya katani. Ni imara, lakini inachoma, na mgeni wa kwanza mwenye gauni jepesi aliinuka na nyuzi. Aliyeniokoa ni mzee mmoja anayeshona nyavu kwenye soko la samaki la Mwaloni. Alitazama kiti, akauliza kinabeba uzito gani, kisha akakisuka kwa kamba laini ya pamba kwa siku moja, mikono ikienda bila kuangalia. Viti vinane vyote ni kazi yake, na hakuna kilicholegea hadi leo.

Kuhusu taa, somo nililipata kwa Poul Henningsen, Mdenmark aliyepanga vifuniko vya taa zake ili jicho lisikutane na balbu yenyewe. Nilizima zile za zambarau, nikaning’iniza balbu za mwanga wa njano chini ya vikapu vya milala vilivyopinduliwa, chini kabisa juu ya meza. Wadudu nao hawaukimbilii mwanga wa njano kama ule mweupe.

Kuna jambo ambalo picha za Ulaya hazionyeshi kamwe, nalo ni leseni ya biashara, cheti cha mlipa kodi na picha ya Rais. Vyote lazima vikae mahali. Nilivitengenezea fremu za paina zinazofanana, nikavipanga mstari mmoja. Televisheni niliiondoa, ikarudi siku ya mechi ya Simba na Yanga, sasa iko mgahawani.

Mama alikuja kukagua akiwa na shemeji yake. Alikaa kwenye kiti karibu na jabali, akaligusa, akauliza, “Hili nalo mmelinunua wapi?”

Masika yalipoanza, jabali likatoa jasho. Maji yalichuruzika mpaka kwenye vigae, tukachimba mfereji mdogo chini yake na kuujaza kokoto. Mvua ikizidi, bado tunaweka ndoo.