Dogo alichoma daladala yake ya boksi kwa sababu ya mdomo wangu

Mimi nina kibanda cha kutengeneza simu Temeke, kazi ikipoa natengeneza magari ya maboksi, na sisemi yale ya kuburuza kwa kamba, nasema modeli kabisa, unapima gari halisi, unaigawa, unapata vipimo vyako, mlango unafunguka na siti zinahesabika. Mtaani wananijua kwa hayo magari kuliko simu zenyewe. Sasa ukishajulikana hivyo watoto lazima wakufuate, na hapo ndipo nilipoharibu.

Kuna dogo mmoja, wakati huo yuko la tano, anaishi na bibi yake anayeuza maandazi kona ya pili kutoka kwangu. Jioni moja akaja kasimama kaunta, shikamoo anko, marahaba, halafu kimya, kumbe kaficha kitu mgongoni. Akakitoa, daladala. Coaster ya boksi lile gumu lenye mistari ndani, kaandika kwa makapeni MBAGALA - KARIAKOO, matairi vizibo vya soda. Mimi mbele yangu kuna simu ya mteja imefunguliwa, kioo kinagoma, nina hasira zangu. Nikaiangalia mara moja nikamwambia "dogo hii gari au jeneza? Na haya matairi gani, kama vifungo vya shati." Wateja wawili waliokuwepo wakacheka, na mimi nikacheka, nikapata nguvu nikaongeza madirisha hayalingani, bampa imepinda, yaani kichwani kwangu namfundisha kabisa. Akasema "haya anko", akachukua gari yake akaenda.

Siku tatu mbele nimefuata maandazi asubuhi, bibi ananifungia kwenye gazeti bila kuniangalia usoni, akasema "Baba, mjukuu wangu ulimwambia nini? Ile gari kalala nayo wiki nzima pembeni ya mto, juzi kaikatakata mwenyewe kaniletea, kasema bibi washia mkaa."

Nikalipa nikaondoka.

Njiani najitetea moyoni kwamba mbona na sisi tulikuzwa hivyo hivyo. Utotoni kwetu kulikuwa na kaka mmoja fundi wa magari ya waya, ukimpelekea kazi yako akiona haijakaa sawa anaikanyaga, anza upya. Na mimi sikuacha, si unaona. Ila nilivyokumbuka vizuri tulikuwa wanne tunaoenda kwake na niliyebaki ni mimi peke yangu, na wala siyo kwamba nilikuwa mkali kuliko wenzangu, kuna mmoja alikuwa anakunja waya usiku bila taa na zinatoka zimenyooka, leo hata hataki kusikia hayo mambo.

Basi nikaanza kumtafuta dogo. Nikimwita anapita upande wa pili wa barabara. Nikampa bibi rula ya chuma na gundi nyeupe ya mbao ampelekee, nikaja kuambiwa rula anapigia mistari ya madaftari. Ikapita kama miezi miwili hivi. Kilichomrudisha ni aibu yangu mwenyewe, nilikuwa napanga vitu chini ya kitanda nikakuta gari yangu ya kwanza kabisa, basi la abiria lenye matairi matatu, la nne lilishapotea, rangi ya maji imelikunja boksi kama chapati iliyoungua kwa sababu enzi hizo sikujua kwamba boksi unalipaka kwanza gundi likauke ndo rangi ifuate. Nikalipeleka kibandani nikaliweka juu ya kaunta mbele kabisa, sikusema kitu kwa mtu.

Siku ya pili yake akapita anatoka shule. Akapunguza mwendo. Akarudi.

"Anko hii katengeneza nani?"

"Mimi."

"Wewe?" Akalishika akalizungusha taratibu, akachungulia ndani, akaanza kucheka kwa ndani ile ya kujizuia. "Anko, mlango umeweka kulia. Abiria wanashukia katikati ya barabara."

Na ni kweli! Bongo tunaendesha kushoto, mlango wa abiria uko kushoto, na mimi miaka yote hiyo sijawahi kuliona. Nikacheka mpaka mteja akashangaa. Nikamwambia haya kaa hapa, nitajie makosa yote, akanitajia saba.

Tukaanza hapo. Jumapili moja nikachukua tepu tukaenda pale Coaster zinapolala, konda mmoja akatushikia upande wa pili huku anatutania kama tunataka kuinunua. Urefu ukatoka kama mita 7, upana mita 2 na sentimita 8 hivi, tairi kutoka chini mpaka juu sentimita 78. Jioni yake dogo kaweka kizibo cha soda juu ya rula, sentimita 3 na pointi 2. Nikamwambia gawa 78 kwa hiyo, akahangaika na kalamu pale, ikatoka 24 na ushee. Tukaichukua 24. Halafu gawa urefu nao, 700 kwa 24, ikatoka 29.

Akanyamaza. Akasema "ile yangu ilikuwa 45."

Hapo ndo nikaelewa nilichofanya siku ile. Vile vizibo nilivyoviita vifungo vya shati vilikuwa sahihi kabisa, tena 1 kwa 24 ni kipimo ambacho hata viwanda vya modeli za magari vinakitumia, tatizo lilikuwa bodi ni kubwa mno. Kwa hiyo nimemcheka mtoto mbele za watu, na hilo kosa lenyewe nimelitaja siyo! Nikamwambia hivyo hivyo, kwamba matairi yako yalikuwa sawa, mimi ndo nilikosea. Hakusema kitu, akachukua kizibo akakitia mfukoni.

Kuanzia hapo nikabadilika namna ya kuongea nao, maana baadaye walikuja na wengine, saa nyingine watano kwa mpigo. Mtu akileta gari naishika kwa mikono miwili kwanza, na simu ya mteja naiweka chini, hilo tu peke yake unaona mtoto kanyooka. Namuuliza hapa umefanyaje, sehemu gani imekusumbua, na mara nyingi anakutajia mwenyewe lile lile ulilotaka kumkosoa. Halafu nachagua kitu kimoja, kimoja tu, na nakisemea kwenye gari inayofuata, kwamba inayofuata kabla ya kukunja boksi pitisha kwanza peni iliyoisha wino juu ya mstari, kona itatoka kali. Hii aliyoshika siigusi. Kuna mwingine namwonyesha spoku ya baiskeli inavyopita ndani ya mrija ili tairi zizunguke, basi, imetosha, na madirisha yaliyopinda nayaona ila nayaacha mpaka wiki nyingine.

Ila kusifia hovyo nako ni ugonjwa. Nilipitia kipindi naogopa kuumiza mtu kila kitu nasema safi sana, safi sana, mpaka binti mmoja wa darasa la nne, huyu anatengeneza siti mpaka na vile vyuma vya kushikia, akaniambia "anko unasema safi na mlango haufungi". Nilikosa pa kuficha uso. Siku hizi nikisifia nataja kitu chenyewe, siti hizi umezilinganisha vizuri, na kama mlango haufungi tunauangalia wote kwa nini haufungi, kawaida ni boksi limekatwa kinyume na mistari yake.

Matatizo yapo, mmoja alijikata na wembe, mama yake akaja kunifokea na alikuwa na haki, sasa wembe unabaki kwangu na mtoto anakatia pale kaunta mbele ya macho yangu.

Dogo sasa hivi yuko la saba. Coaster yake ya nne iko kwangu kwenye kaunta, madirisha ya nyuma kaweka filamu ya eksirei inaonekana tinted kabisa, wateja wanauliza bei, anasema haiuzwi bado haina taa. Juzi kaja mtoto mdogo wa darasa la pili na lori lake, matairi hayazunguki, limepinda kama limegonga nguzo. Mimi nikainamia simu makusudi nisikie. Dogo akalishika, akaligeuza, akaligeuza tena, nikaona anatafuta la kusema. Akasema, "Mlango wa dereva umeuweka kulia, hapo uko vizuri. Huyu anko hapa gari yake ya kwanza alichanganya upande."