Petroli gani kwa gari la uwanjani tu? Nilivyofikia uamuzi

Injini yenyewe ni Toyota 4A-GE ya valvu 20, ile ya kifuniko cheusi, lita 1.6. Kiwandani ilitoka na mgandamizo wa 11 kwa 1, yaani hewa inabanwa hadi sehemu moja ya kumi na moja ya ujazo wake. Sisi tuliupandisha hadi 12.5 kwa kubadilisha pistoni. Gari halina namba na haliingii barabarani. Linapakiwa kwenye trela kutoka gereji yetu ya Al Quoz hadi uwanja wa mbio wa Dubai Autodrome, likimaliza linapakiwa tena. Mwenye gari ni Mwomani ambaye bibi yake alizaliwa Unguja, kwa hiyo Kiswahili tunakizungumza kutwa. Tulipoiwasha tu akaniuliza, "Fundi, si tutie ile ya 98 yaishe?"

Swali lake halikuwa la kipuuzi. Pampu za hapa zina petroli ya oktani 91, 95 na 98, na hiyo 98 ni petroli safi. Ila watu wengi wanadhani oktani ni nguvu, kwamba ukipanda namba unaongeza nguvu za farasi. Oktani inakuambia tu mafuta yanavumilia joto na shinikizo kiasi gani kabla ya kujilipukia yenyewe, huku moto wa plagi ukiwa bado haujayafikia. Huko kujilipukia ndiko tunakoita kugonga, na injini yenye mgandamizo wa 12.5 ikigonga kwa mizunguko elfu sita kwa dakika, pistoni haichukui muda kupasuka.

Nilikotoka, Industrial Area ya Nairobi, injini za namna hii nilizitengeneza na zikanywa petroli ya kituo chochote bila kulalamika. Sifa hiyo si ya petroli. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, silinda inajaa pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Hewa ikipungua, shinikizo linapungua, na hamu ya kugonga inapungua nayo. Dubai iko usawa wa bahari, na msimu wa mbio ukifunguliwa Oktoba jua bado ni kali. Anayekuja na mipangilio ya kompyuta ya injini ya Nairobi akaitumia hapa kama ilivyo ajiandae kununua pistoni.

Kwa hiyo nilianza na 98, nikaipeleka injini kwenye mashine ya kupima nguvu, nikaifanya yenyewe initajie shida yake. Unashika mizunguko mahali pamoja, unafungua koo la hewa lote, halafu unasogeza mbele taimingi, yaani wakati plagi inapotoa cheche, nyuzi moja moja huku ukitazama msukumo, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha. Ukifika mahali msukumo umegoma kupanda na injini bado iko kimya, basi mafuta yako yanatosha. Oktani zaidi ni hela ya bure. Lakini kugonga kukija wakati msukumo bado unapanda, hapo mafuta ndiyo yanayokubania. Kusikiliza nilitumia bomba la shaba nililolibana kwenye bloku kwa bolti, upande wa pili mpira unaoingia kwenye vifuniko vya masikio. Ni kifaa cha kienyeji, lakini ule mlio mkavu wa tik-tik haufichiki hata mashine ikinguruma.

Kuanzia elfu saba kwenda juu, 98 ilitosha. Tatizo lilikuwa kati ya elfu tano na sita, pale silinda zinapojaa vizuri kuliko popote: msukumo ulikuwa unaendelea kupanda, tik-tik ikaanza. Nikazima, nikatoa plagi, nikaitazama kwa lenzi. Kwenye kauri nyeupe kulikuwa na vidoa vidogo vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Hiyo ni dalili ya kugonga, na ukiona vinang'aa kama fedha, ujue ni alumini ya pistoni imeanza kutoka. Vyetu vilikuwa vyeusi bado. Ningeweza kurudisha taimingi nyuma na kuendelea na 98, na kwa gari la kujifunzia ningefanya hivyo, lakini elfu tano na sita ndipo gari linapotokea kwenye kona.

Mafuta ya ndege ndogo za pistoni, yale yanayoitwa 100LL, ndiyo ya kwanza kutajwa na kila mtu. Kwa kugonga ni mazuri kweli, na kwenye joto hayageuki mvuke upesi ndani ya mabomba. Lakini yana risasi, yaani madini ya ledi. Gari la uwanjani halina kichujio cha moshi cha kuharibika, sawa, ila sensa ya oksijeni inakufa, na bila sensa hiyo napanga mchanganyiko wa hewa na mafuta kwa kubahatisha. Tena risasi inaingia mwilini, na sisi ndio tunaoshinda gereji. Dunia iliacha petroli ya risasi kwenye magari mwaka 2021, Algeria ikiwa ya mwisho. Sikuona sababu ya kuirudisha kwetu kwa mlango wa nyuma.

Ethanoli ilinitamanisha. Inapoza hewa inayoingia vizuri sana, na kwa injini ya turbo ningeichukua mara moja. Lakini E85, yaani petroli iliyochanganywa na ethanoli hadi asilimia 85, inahitaji ujazo zaidi kwa karibu theluthi, maana yake injekta (vipulizia mafuta) na pampu mpya, na pia inafyonza maji hewani, nasi tuko kando ya bahari. Methanoli sikuijadili, moto wake hauonekani mchana, na uwanja wetu wa mazoezi hauna kikosi cha kuzima moto wa aina hiyo kila siku. Vile vikopo vya kuongeza oktani navyo vinauzwa kwa "pointi", na pointi moja mara nyingi ni sehemu ya kumi ya oktani. Pointi 20 ni kutoka 98 kwenda 100, tena kwa bahati.

Nikaishia kwenye petroli ya mbio isiyo na risasi, ya 102, inayokuja kwenye mapipa ya chuma yaliyofungwa. Kwenye karatasi yake sikutazama ile 102 peke yake, ambayo ni RON, oktani ya hali nyepesi, na hupimwa injini ikizunguka mara 600 tu kwa dakika. Nilitazama MON, oktani ya hali ngumu, inayopimwa kwa mizunguko 900 na mchanganyiko uliopashwa moto hadi nyuzi 149, kwa sababu iko karibu zaidi na mateso ya uwanjani. Nilitazama pia kama ina oksijeni, maana ikiwa nayo inabidi kuongeza mafuta, la sivyo mchanganyiko unakuwa mwembamba. Hii ina kidogo, nikaongeza kidogo.

Taimingi ilisogea mbele nyuzi tatu pale katikati, tik-tik ikanyamaza. Juu ya elfu saba hakuna kilichobadilika, kama mashine ilivyokuwa imeshasema.

Sasa kompyuta ina mipangilio miwili, ya 98 kwa mazoezi na ya 102 kwa mbio, na tanki linakaushwa kabla ya kubadilisha. Pipa linakaa kivulini na likifunguliwa linatumika upesi, kwa sababu sehemu nyepesi za petroli ndizo zinazotoroka kwanza. Na kwa wanaoniuliza kuhusu 4A-GE ambayo haijaguswa, mgandamizo ule ule wa 11: pimeni kwanza, na msishangae 98 ikiwatosha hata Dubai. Bei ya pipa moja mtapata matairi.